Milima ya Rwenzori kwa njia inayoanzia Nyakalengija, Uganda: nyota nne kati ya tano

Kama umeshapanda Kilimanjaro na unadhani Rwenzori ni yale yale, sahau. Kilimanjaro ni volkano iliyosimama peke yake. Huku ni safu nzima, kama kilomita 120, mpakani mwa Uganda na Kongo, na haikutokana na volkano: ni mwamba wa kale uliosukumwa juu Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka. Kwa hiyo huendi juu tu. Unapanda, unashuka bondeni, unapanda tena mpaka magoti yanalia.

Waongozaji wetu, Wakonzo wa hapo hapo, nawapa alama zote. Pale kambi ya Nyabitaba, mita 2,651, mmoja alitusimamisha akasema tuta tulilokanyaga ni mawe na udongo vilivyosukumwa na barafu ya zamani. Baadaye, tukiwa ndani ya bonde la Bujuku, chini pamekaa bapa na kuta zimesimama wima pande zote mbili, nikaona mwenyewe kwamba mto mdogo ule usingeweza kuchimba kitu kama kile; ni kazi ya barafu ile ile ya zamani.

Halafu matope! Gambuti si hiari. Kwenye kinamasi cha Bigo wameweka njia ya mbao, lakini ikiisha unaruka toka fungu moja la nyasi hadi jingine, na ukikosa shabaha mguu unazama hadi gotini. Mimea ya lobelia inakupita urefu, ukungu haukatiki. Mimi sehemu hii ndiyo niliyoipenda kuliko kilele.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya kampuni iliyotuuzia safari. Picha za matangazo yao zina barafu ambayo haipo tena. Msafara wa Mtawala wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, mwaka 1906 uliikuta kwenye milima sita; leo iliyobaki ya maana iko mlima Stanley, nayo imejaa nyufa. Njiani kwenda kilele cha Margherita, mita 5,109, tulipita kwenye miamba mitupu, laini, yenye michirizi ya kusuguliwa, palipokuwa na barafu zamani. Inavutia sana, ila waseme ukweli.

Nenda Januari au Juni hadi Agosti, ingawa mvua utaikuta tu. Na kabla hujalipa, uliza kama kamba na vyuma vya kuvaa kwenye viatu vimo ndani ya bei. Kwetu havikuwemo.