Kompyuta ipo Moshi, nachezea Arusha: uzoefu wangu na Moonlight

Nilipohamia Arusha kikazi, kompyuta yangu ya gemu ilibaki nyumbani Moshi. Ni nzito, na chumba nilichopanga mtaa wa Sakina hakina pa kuiweka. Huu ni mwezi wa nne nacheza gemu zangu zilezile kwa simu na pedi ya kuchezea gemu, kompyuta ikiwa kilomita 80 hivi kutoka hapa.

Kompyuta nimeiwekea programu ya Sunshine, simu programu ya Moonlight. Zote ni za bure. Gemu linaendeshwa kule Moshi, picha inabanwa kuwa video na kuletwa huku, na kila ninachobonyeza kinarudi kule. Kufungua poti kwenye ruta, yaani njia ya kuifikia kompyuta kutoka nje, kulinishinda, maana intaneti ya nyumbani inatumia anwani ya IP ya pamoja na wateja wengine. Tailscale, programu inayoviunganisha vifaa vyako kama vipo mtandao mmoja, ndiyo iliyoniokoa.

Wiki mbili za kwanza picha ilikuwa ikikatika vipande vya miraba, nami nikalaumu bando langu. Kumbe tatizo lilikuwa Moshi! Kompyuta ilikuwa kwenye Wi-Fi, chumba cha nyuma. Mdogo wangu akavuta waya kutoka kwenye ruta, akaupitisha chini ya zulia, na jioni ileile picha ikatulia. Kabla ya yote pima spidi ya kupakia kule kompyuta iliko. Wengi tunapima ya kupakua tu.

Bando linaliwa kweli. Video ikija kwa kasi ya 10 Mbps, saa moja inakula GB 4.5, kwa hiyo nimeshusha hadi 5 Mbps kwa picha ya ubora wa 720p, na kwenye kioo cha simu inatosha kabisa.

Umeme nao ulinisumbua. Ukikatika Moshi, lazima nipige simu.

“Shikamoo mama. Naomba uniwashie kompyuta.”

“Marahaba. Kile kitufe cha juu?”

Siku hizi simsumbui: kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya kompyuta, nimeiamuru ijiwashe yenyewe umeme ukirudi.

Euro Truck Simulator 2, gemu la malori, naendesha usiku mzima bila shida. Nikikanyaga breki, taa nyekundu za nyuma zinawaka papo hapo machoni pangu. Gemu la mpira ni habari nyingine. Ule ucheleweshaji mdogo unatosha kumfanya kipa aruke mpira ukiwa umeshaingia wavuni. Mechi nazingoja nikienda Moshi, nicheze na mdogo wangu kwenye kochi moja.