Miezi minne na jeli ya asidi ya azelaiki: uzoefu wangu na rosasia

Ngozi yangu ni nyeusi, na naamini ndiyo maana nilichelewa kujua kinachonisumbua. Karibu kila maelezo ya rosasia, ugonjwa wa ngozi ya uso unaodumu, huanza na uso mwekundu. Wangu haukuwa mwekundu, ulikuwa wa moto. Nikitoka juani au nikioga maji ya moto, mashavu na pua viliwaka kama vimepakwa pilipili, ngozi ikaiva kwa hudhurungi, na kesho yake vipele vidogo vikajaa. Nikaviita chunusi, nikavisugua kwa kila sabuni kali niliyoisikia. Halafu nikapaka krimu ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Wiki ya kwanza uso ulitulia, nikafurahi sana; nilipoiacha, vipele vilirudi maradufu. Tafadhali, usiipake usoni bila daktari. Steroidi yenyewe inaweza kuleta hali kama rosasia.

Daktari wa ngozi ndiye aliyenifumbua macho. Alinisogezea taa na lenzi, akatafuta vile vichwa vyeusi vya chunusi, hakuviona hata kimoja. Kando ya pua akaona vimishipa vyembamba kama nyuzi. Kisha akauliza: macho je, hayakukeri kama yameingia mchanga? Yalikuwa yakinikera mwaka mzima, nami nikilaumu simu. Rosasia huingia hata machoni.

Akaniandikia jeli ya asidi ya azelaiki ya asilimia 15, asubuhi na usiku. Niseme ukweli, majuma mawili ya kwanza nilitaka kuitupa. Inachonyota! Dakika kumi hivi baada ya kupaka, unahisi sindano ndogondogo mashavuni. Kilichoniokoa ni kusubiri uso ukauke kabisa baada ya kunawa, kupaka losheni isiyo na manukato kwanza, ndipo jeli, kiasi cha punje ya mahindi kwa uso mzima. Kufikia wiki ya tatu mchonyoto ulibaki mdogo tu.

Matokeo yalikuja polepole mno. Mwezi wa kwanza sikuona lolote. Karibu na wiki ya kumi niligundua kuwa vipele vipya vimekoma, na madoa meusi yaliyoachwa na vile vya zamani yanafifia. Hilo la madoa kwangu lina thamani kubwa, kwa sababu kwenye ngozi yetu kipele hupona kwa siku chache lakini doa hukaa miezi.

Kuna isichoweza jeli hii. Vimishipa viko palepale. Vyenyewe hutibiwa kwa mwanga wa leza. Joto la ghafla nalo bado hunipanda, ingawa si mara nyingi kama zamani, na hapo naishukuru zaidi krimu ya kukinga jua. Zile za zinki zilinipaka uso majivu mpaka nilipopata yenye rangi ya ngozi. Wapo wanaoandikiwa dawa nyingine za kupaka, metronidazoli, au ivamektini ya asilimia 1, na wengine huwafaa kuliko hii.

Rosasia haiponi moja kwa moja, hudhibitiwa, kwa hiyo naendelea kupaka. Macho hayaguswi na jeli: kila asubuhi nakanda kope kwa kitambaa cha uvuguvugu dakika tano, nazisafisha taratibu, na ule mchanga umepungua.