Wanyama wa Chagall: kitabu ninachokisoma nikiwa nimefunika nusu ya ukurasa

Nimekaa na kitabu hiki miezi minne sasa. Kimekusanya picha za rangi ambazo mchoraji Marc Chagall alizichora kwa ajili ya ngano za wanyama za La Fontaine, mshairi Mfaransa wa karne ya 17: picha upande mmoja, muhtasari wa ngano upande wa pili.

Aliyeninasa ni paka. Katika ngano hiyo, mtu anampenda paka wake kupita kiasi, anaomba ageuzwe mwanamke, anamwoa. Usiku panya wanapita, na bibi harusi anaruka kitandani kuwakimbiza. Nilitarajia kuona hizo mbio. Chagall amemchora akiwa ametulia, mwili wa mwanamke, uso wa paka. Kila nikimtazama namwonea huruma: amepewa umbo asiloliomba, na sasa anatakiwa aishi nalo. La Fontaine anatuchekesha hapo; Chagall amenifanya ninyamaze.

Kabla ya hapo niliwajua wanyama hawa kupitia Grandville, mchoraji Mfaransa aliyewachora mwaka 1838 wakiwa wamevaa nguo za watu. Ni fundi kwelikweli, lakini ukimwona mnyama wake unamwona mtu aliyefichwa ndani. Mbweha wa Chagall ni mbweha. Ana uzito, ana njaa. Babu yake Chagall alikuwa mchinjaji, na naamini mtoto aliyekua karibu na ng'ombe wanaosubiri kisu hawezi kumchora mnyama kama pambo la hadithi.

Utangulizi wa kitabu unaeleza vizuri jinsi kazi ilivyoanza. Ambroise Vollard, mfanyabiashara wa sanaa wa Paris, ndiye aliyeiagiza katika miaka ya 1920. Kelele zikazuka Ufaransa: kwa nini Myahudi kutoka Urusi akabidhiwe mshairi wa Wafaransa? Vollard alijibu kwamba chimbuko la ngano zenyewe liko Mashariki. Hoja hiyo ina mashiko, kwani La Fontaine mwenyewe, katika mkusanyiko wake wa pili wa mwaka 1678, alikiri deni lake kwa Pilpay, mwenye hekima wa India, yuleyule anayetajwa katika Kalila na Dimna, mkusanyiko wa kale wa ngano za wanyama.

Picha za rangi zilionyeshwa Paris, Brussels na Berlin mwaka 1930, kisha zikauzwa na kutawanyika. Vollard alitaka zichapishwe kwa rangi, ikashindikana, ndipo Chagall akazichora upya kwenye mabamba ya shaba, nyeusi na nyeupe. Vollard alifariki mwaka 1939 kabla kitabu hakijatoka. Mchapishaji Tériade ndiye aliyekitoa, mwaka 1952, kikiwa na picha 100. Kwa hiyo anayezijua zile za shaba tu hajaona ile bluu nzito wala nyekundu inayokaribia kuungua. Kwa sababu hiyo peke yake nafurahi kuwa na kitabu hiki.

Uchapaji wenyewe umenisikitisha mahali pawili patatu. Kurasa za usiku zimekuwa nyeusi mno, hata miguso ya brashi haionekani. Picha kadhaa zimetandazwa kurasa mbili, na mshono wa kitabu unamkata mnyama katikati ya shingo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba chini ya kila muhtasari mchapishaji ameweka funzo kwa herufi nene, zinazolivuta jicho kabla hujaigusa picha. Muhtasari nao umeondoa ucheshi wote wa beti. Kama una ngano zenyewe kwa tafsiri kamili, ziweke karibu usome hizo badala ya muhtasari.

Mimi nimekata karatasi ngumu inayotosha kuufunika upande wa maneno. Jana nilifungua ya simba mzee. Farasi amekwisha kumpiga teke, mbwa mwitu amemng'ata, ng'ombe dume amempiga pembe, na sasa punda naye anakuja. Nilikaa na simba yule amelala chini, karatasi ikiwa mahali pake, mpaka chai ikapoa.