GParted Live: kugawa diski ya laptopu ya ex-UK bila kuipoteza Windows

Laptopu nyingi za ex-UK zinazouzwa madukani Kisumu huja na SSD ya GB 256, RAM ya GB 8, na Windows iliyojitandaza diski nzima. Mwanafunzi wa Maseno au Masinde Muliro anayehitaji Linux kwa masomo na Windows kwa kazi nyingine huambiwa na fundi kwamba lazima kila kitu kifutwe. Si lazima. GParted Live, programu inayowashwa kutoka kwenye flashi, hugawa diski hiyo katika vipande (patisheni) bure, tena vizuri kuliko kifaa cha kugawa diski kilichomo ndani ya Windows (Disk Management).

Kifaa cha Windows hukwama kinapokuta faili zisizohamishika, kama pagefile (faili ambalo Windows hulitumia kusaidia RAM), zimekaa katikati ya diski. Unaona nafasi tupu GB 150, nacho kinakubali kukuachia kidogo tu. GParted huwaka kutoka kwenye flashi huku Windows imezimwa, kwa hiyo faili hizo hazina anayezishikilia na huhamishwa kama nyingine. Faili la kupakua halifiki GB 1, hivyo bando dogo linatosha. Liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher.

Wengi huharibikiwa kabla hata ya kufungua GParted. Ndani ya Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike manage-bde -status. Ukiona diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofumba data kwa msimbo, zima kinga hiyo na usubiri hadi ufunguaji ukamilike, maana GParted haiwezi kubadilisha ukubwa wa patisheni iliyofungwa hivyo. Kisha andika powercfg /h off. Amri hii huondoa Fast Startup, ile tabia ya Windows kujifanya imezimwa kumbe imelala na bado inaishikilia diski. Malizia kwa chkdsk C: /f, uwashe upya, halafu uzime kabisa. Ukiruka hatua hizi utakutana na alama ya onyo kando ya patisheni ya Windows, yaani ya NTFS (mpangilio wa faili wa Windows), na GParted itakataa kuipunguza. Inafanya vyema kukataa. Na data muhimu inakiliwe kwenye diski ya nje kabla ya yote haya.

Washa laptopu kutoka kwenye flashi; GParted Live ikiwaka huuliza kibodi, lugha na skrini. Bonyeza Enter kila swali. Dirisha likifunguka, angalia pembe ya juu kulia: /dev/nvme0n1 au /dev/sda ndiyo diski ya laptopu, na flashi yako imo kwenye orodha hiyohiyo, kwa hiyo soma ukubwa kabla ya kugusa chochote. Diski ya GB 256 itaonekana kama GiB 238. Hakuna kilichoibwa, ni hesabu ya 1024 badala ya 1000. Kila patisheni ni kisanduku kwenye mstari mmoja, sehemu yenye data imepakwa manjano, iliyo tupu ni nyeupe. Unaona kwa macho hadi wapi unaweza kukata.

Mgawanyo unaofaa diski hiyo: Windows ibaki na MiB 122880, yaani GiB 120, Linux MiB 61440, yaani GiB 60, kinachosalia kiwe NTFS ya data inayosomeka na mifumo yote miwili. Patisheni ya swap (nafasi ya diski inayoisaidia RAM) si lazima, Ubuntu, aina moja ya Linux, hutengeneza faili lake yenyewe. Ile patisheni ndogo ya EFI mwanzoni, yenye faili za kuwashia kompyuta, mara nyingi MiB 100, hutumiwa na mifumo yote kwa pamoja: usiifomati kamwe. Inaitosha Ubuntu au Mint, ila Pop!_OS, Linux nyingine ambayo huweka kernel zake (kiini cha mfumo) humo, itaiona ndogo.

Sifa kubwa ya GParted ni kwamba haigusi diski hadi ubonyeze alama ya tiki. Kazi zote hupangwa foleni chini ya dirisha, na unaweza kuzifuta moja moja. Ukishathibitisha, hakuna kurudi. Hapo ndipo suala la stima linapoingia. Kupunguza Windows kutoka mwisho wake kwa kawaida ni dakika chache. Kusogeza mwanzo wa patisheni ni kunakili data yote upya, na kwenye diski ya kuzunguka huchukua saa nyingi; stima ikipotea katikati, data hiyo huenda isirudi. Mvua ya alasiri Kisumu ikianza kunguruma, usianze kazi hii kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Kwenye laptopu, betri iwe imejaa na chaja ichomekwe.

Kompyuta za zamani zenye diski ya MBR, mpangilio wa zamani wa kugawa diski, hukubali patisheni kuu 4 tu, na HP nyingi za enzi za Windows 7 zilikuja tayari zimezijaza zote. Na GParted isipoiona diski kabisa, chungulia baiosi: kama hali ya kuendesha hifadhi imewekwa RAID, inatakiwa AHCI, lakini kabla ya kubadilisha iambie Windows kwanza iwake kwa Safe Mode, la sivyo itagoma kuwaka.

GParted haisakinishi mfumo wala haipangi menyu ya kuwashia. Hilo la menyu ni la GRUB, programu ya Linux ya kuchagua mfumo wa kuwasha, ambayo tangu toleo la 2.06 haitafuti Windows yenyewe. Windows isipoonekana kwenye menyu, ndani ya Linux ongeza GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye /etc/default/grub, kisha andika sudo update-grub. Saa ya Windows nayo itapotoka kwa saa 3, kwa kuwa Linux huhifadhi saa ya UTC (saa ya kimataifa) na sisi tuko UTC+3. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 upande wa Linux huondoa tatizo.