Chumvi ya jikoni au kloridi ya zinki?

Kutenga plastiki ndogondogo na mchanga wa pwani, wengi huanza na chumvi: gramu 360 kwa lita ya maji, koroga mpaka chembe zibaki chini. Ichuje kwanza, maana chumvi yenyewe huja na plastiki zake. Msongamano wa maji hayo hauzidi gramu 1.2 kwa mililita. Vipande vya mifuko na vizibo vitaelea; PET, plastiki ya chupa za vinywaji, yenye 1.38, itazama na mchanga, nawe utaandika “hakuna”.

Kloridi ya zinki hufika 1.6, PET ikapanda. Ila ni ghali, huunguza ngozi, na haimwagwi ovyo: ichuje, uitumie tena. Kwenye mchanga mweupe wa matumbawe, kama wa Zanzibar, asidi yake hutoa povu linaloshika nyuzi za plastiki.