Jiko la kuni kwa nyumba ya mbao Goma: nunua bomba kwanza

Wengi wanaoniuliza kuhusu jiko huja wakiwa wameshalinunua. Limekaa barazani, jeusi, zuri, lina kadirisha ka kioo, na pesa iliyobaki inatosha kipande cha bati la kukunja tu. Nyumba nyingi huungua kwa hesabu hiyo. Jiko ni sanduku la moto. Kinachopita karibu na mbao zako, kinachotoboa paa lako na kinachotoa sumu nje ni bomba. Kwa hiyo piga hesabu ya bomba, kinga ya ukuta na kizuizi cha paa (kile kinacholitenga bomba na mbao pale linapotoboa paa), halafu kinachobaki ndicho cha kutafutia jiko. Bomba zuri likigharimu sawa na jiko, au kulizidi, usishtuke.

Nyumba ninazosemea ni hizi zetu za mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano, mabati juu, kama zilivyobanana Majengo, Katoyi na Birere. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua baridi hupenya katikati ya mbao na mbao. Anayeingiza mbabula, lile jiko dogo la makala, yaani makaa, chumbani simshangai, ila nitarudi kwake.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Fundi wangu wa kwanza alileta bomba la bati la zinki, akalipitisha kati ya mbao mbili za paa, nafasi ya vidole viwili kila upande. "Mama, hii itakaa mpaka wajukuu," akaniambia. Mwaka wa pili, kila jiko likishika moto vizuri nilisikia harufu kama ya mkate ulioungua. Tulipobandua ubao mmoja, upande wa bomba ulikuwa mweusi; ukiukwaruza kwa ukucha, unatoka unga. Makala kamili, na haujawahi kuwaka. Mbao inayokaangwa polepole miezi na miezi hugeuka ndani kwa ndani, ikawa tayari kushika moto kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Ndiyo maana "mbona miaka miwili haikutokea kitu" si hoja.

Basi mabomba, kuanzia ninaloliamini zaidi.

La kwanza ni la kuta mbili, chuma kisichoshika kutu ndani na nje, katikati limejazwa sufu ya madini ya kuzuia joto. Hili ndilo la kutoboa paa. Kibao chake husema liachiwe nafasi gani na mbao, mara nyingi sentimita 5, na nafasi hiyo ibaki tupu: usiijaze vumbi la mbao wala matambara. Nyumba nzima ikishindikana, nunua la kuta mbili kwa sehemu ya paa na juu yake tu, ndani ya chumba utumie la namba mbili.

La pili ni la chuma cheusi cha ukuta mmoja, nene, milimita 2 hivi. Ndani ya chumba ni zuri, linatoa joto. Lakini likae sentimita 45 kutoka kwenye mbao yoyote, na lisiguse paa kabisa.

La tatu ni la chuma chembamba kisichoshika kutu, la ukuta mmoja. Linafaa, ila wauzaji huchanganya. Mimi hutembea na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Ikishika kwa nguvu, hicho si chuma cha aina ya 304 wala 316, zile aina nzuri za chuma kisichoshika kutu. Isiposhika bado hujapata uhakika, maana kuna vyuma dhaifu ambavyo pia haviishiki, lakini angalau umewaondoa waongo wa kwanza.

La zinki liache dukani. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, bomba la jiko linaweza kufika huko moto ukikolea, na mvuke wake hauvutwi. Halafu sisi tuna Nyiragongo. Moshi wa volkano hutia asidi kwenye mvua. Watu wa Rusayo na Sake wanajua mabati yao yanavyoliwa. Bomba linalokaa juu ya paa linakula mvua hiyo hiyo nje, na ndani lami ya kuni, ule uchafu mweusi unaoachwa na moshi.

Sasa majiko yenyewe, na hapa sitatumia muda mwingi.

Juu kabisa naweka jiko la chuma cha milimita 4 au 5 lililochomelewa hapa hapa mjini, limepangwa ndani matofali yanayostahimili moto. Linatengenezeka likiharibika, na fundi unamjua anapokaa. Kagua mishono kwa tochi: weka tochi ndani usiku, ukiona mwanga unachungulia nje, rudisha.

Linalofuata ni la chuma cha kuyeyusha, mtumba kutoka Ulaya. Ligonge kwa kijiti cha chuma: zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Funga karatasi mlangoni ukaivute. Ikitoka kirahisi, kamba ya kuzibia mlango imekwisha, na kamba hiyo si rahisi kuipata hapa.

Jiko la udongo na matofali lenye bomba ni la bei ndogo, na kwa jiko la kupikia nje ya nyumba ningelichagua kabla ya mengine yote. Kwa nyumba ya mbao yenye sakafu ya mbao ni zito mno.

La pipa lililokatwa ni karibu milimita 1 tu ya bati. Linakuwa jekundu, linatoboka. Si la ndani.

Mbabula nimeiweka mwisho kabisa, pamoja na ile iliyoboreshwa yenye udongo ndani. Iliyoboreshwa inapunguza makala, hilo ni kweli, na kwa kupikia uani inunue. Lakini makala yanayowaka bila moshi ndiyo yanayotoa monoksidi ya kaboni, na haina rangi wala harufu. Watu wa hapa tunajua mazuku, ile hewa mbaya inayolala mabondeni karibu na ziwa, tunajua kutopitisha watoto pale. Hii ya makala ni tofauti: hailali chini, inachanganyika na hewa ya chumba chote, inapanda mpaka kitandani. Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi mzito, na mtu anadhani ni malaria. Hata ukiwa na bomba zuri, nunua kengele ya gesi hiyo. Tafuta maandishi EN 50291 mgongoni, ndiyo kanuni ya Ulaya ya kengele hizo. Kengele ya moshi haifanyi kazi hiyo. Yangu niliagiza Kigali. Soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa, maana kihisio chake huzeeka hata kikikaa kabatini.

Ukuta: kwa jiko lisilo na kibao cha mtengenezaji, kanuni za moto za Marekani hudai sentimita 90 mpaka kwenye mbao. Vyumba vyetu havina nafasi hiyo. Unaweza kushuka mpaka sentimita 30 ukisimamisha bati mbele ya ukuta, likiwa limeachana na mbao sentimita 2 na nusu kwa vipande vya chuma, wazi chini na juu ili hewa ipande nyuma yake. Bati lililopigiliwa moja kwa moja kwenye mbao ni pambo. Chini ya jiko weka mawe ya volkano au saruji, yatokeze sentimita 45 mbele ya mlango. Mawe yakaushe wiki kadhaa kwanza. Yakiwa na maji ndani yanaweza kupasuka.

Siku ya kufunga, simama hapo hapo. Ncha nyembamba ya kila kipande cha bomba itazame chini, kuelekea jiko, ili lami inayotiririka ibaki ndani isikuchuruzikie ukutani. Mafundi wengi hugeuza, wakidhani moshi utavuja. Juu, bomba lipite paa kwa sentimita 90, na lizidi kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa sentimita 60, la sivyo upepo wa ziwa utakurudishia moshi. Bomba zima, kona mbili zinatosha.

Wenye Hiace wanaotaka kulala humo au kuuzia chai, hesabu ni ile ile ila kila sentimita ni ngumu: jiko lifungwe kwa bolti sakafuni, dirisha liwe na uwazi wa kudumu, na gari lisitembee moto ukiwaka.

Kuni za mikaratusi zipasue Juni, uzipange chini ya bati mpaka mvua za Septemba. Jiko jipya liwashe mara ya kwanza uani, na kipande kimoja cha bomba, mpaka rangi iache kunuka. Majirani watakuja kuuliza unapika nini.