Kikao cha Baraza la Jiji: Mapokezi Mazuri, Kura Isiyotajwa Hesabu

Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wa sokoni, na kwa yeyote anayefikiria kwenda kuketi katika viti vya umma baraza la jiji linapokutana. Mji wetu uko kaskazini mwa Uganda, na sitautaja jina, kwa sababu nia yangu ni huduma irekebishwe na wala si watu waaibishwe. Nilikwenda kwa kuwa ajenda iliyobandikwa mlangoni ilikuwa na hoja ya kupandisha ushuru wa meza za soko kutoka shilingi 500 hadi 1,000 kwa siku. Kwa muuzaji anayefungua meza siku 26 kwa mwezi, nyongeza hiyo ni shilingi 13,000, na wengi wetu tunajua kiasi hicho kinanunua nini nyumbani.

Mlangoni sina la kulalamika. Askari alinikagua kwa heshima, akaniandikisha kitabuni na kunionyesha ngazi ya kupandia, wala hakuna aliyeniuliza nimetumwa na nani. Vikao vya baraza viko wazi kwa umma, na pale mlangoni jambo hilo lilitekelezwa bila mtu kudaiwa barua wala kitambulisho cha chama. Ajenda zilizochapwa, hata hivyo, zilikuwa za madiwani tu. Kikao kilichoitwa saa tatu asubuhi kilianza saa tano kasoro, baada ya akidi kutimia.

Mpambe alipoingia na siwa, ile fimbo ya mamlaka ya baraza, sote tulisimama, na kuanzia hapo Spika aliendesha kikao kwa utulivu unaostahili sifa. Kila aliyenyoosha mkono alipewa nafasi, na aliyemkatiza mwenzake alirudishwa kitini. Katiba ya 1995 imetenga theluthi moja ya viti vya mabaraza kwa ajili ya wanawake, na siku hiyo niliona faida yake kwa macho yangu, maana hoja nzito kuliko zote ilitoka kwa diwani mwanamke. Alisema, "Mheshimiwa Spika, mama mwenye meza moja ya nyanya na mwenye duka la mlango wa chuma mmewatia kapu moja. Mvua ikinyesha, yule wa meza hauzi, lakini mkusanya ushuru anakuja." Mwenyekiti wa kamati ya fedha alijibu kwamba bajeti lazima iwe tayari kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, na kwamba uzoaji wa taka sokoni hauna fedha za kutosha. Jibu hilo lilikuwa na uzito wake, kwa sababu taka ni tatizo letu la kila siku, ila halikugusa swali la mvua.

Kisha ikaja kura, na hapa ndipo huduma ya baraza iliponivunja moyo.

Spika aliwahoji madiwani kwa sauti kwanza. Kelele za ndiyo na za siyo zilikuwa sawa masikioni mwangu, naye akatamka kwamba walioafiki wameshinda. Diwani mmoja wa safu ya nyuma akasimama kuomba kura ihesabiwe, na Spika, nampa haki yake, hakumpuuza. Wakaombwa kunyoosha mikono. Msaidizi wa karani alipita katikati ya safu, akaandika kwenye kipande cha karatasi, akakikunja mara mbili na kukipeleka mbele. Spika akakifungua, akakisoma kimya kimya, akasema, "Hoja imepita," kisha akataja ajenda iliyofuata, iliyohusu majina ya barabara. Wangapi waliafiki? Wangapi walipinga? Hatukuambiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi nyuma ya nguzo inayoziba nusu ya ukumbi, na diwani wa wodi yetu huketi katika nusu hiyo. Jioni aliwaambia wafanyabiashara kwamba alipinga. Huenda ni kweli, nami ningependa kumwamini, lakini diwani tunamchagua kwa miaka 5, na siku ya kurudi kuomba kura atakuwa na neno lake tu, nasi hatutakuwa na chochote cha kulipima.

Pembeni yangu aliketi mama muuza dagaa aliyefunga meza yake tangu asubuhi ili aje kusikia. Mjadala wote ulikuwa kwa Kiingereza, na alinishika mkono akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, wamepitisha au wamekataa?" Nilimfasiria kwa kunong'ona, kila sentensi, hadi koo likanikauka. Kiswahili kiliingizwa katika Katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na katika soko letu ndicho kinachowaunganisha watu wa makabila yote. Kumsomea mama huyu uamuzi mmoja kwa lugha anayouzia dagaa kusingechukua dakika mbili.

Siku iliyofuata nilikwenda ofisini kuomba kumbukumbu za kikao. Karani wa dawati, kijana mpole sana, alinieleza kwamba kumbukumbu hazitolewi mpaka zithibitishwe katika kikao kijacho, na kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 baraza linatakiwa kukutana angalau mara moja kila miezi 2. Maana yake ni kwamba ushuru ungeweza kuanza kukusanywa kabla hatujasoma uamuzi uliouleta. Niliandika barua kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, inayoipa ofisi siku 21 za kujibu, na nakala ya uamuzi nilipewa siku ya 18. Nawashukuru kwa kuheshimu muda. Ukurasa wenyewe ulisema hoja imepitishwa "kwa wingi wa kura", bila hesabu wala jina hata moja.

Kwa mapokezi na nidhamu ya ukumbi natoa nyota 4 kati ya 5. Kwa upigaji kura natoa 1, na nitaiongeza kwa furaha siku Spika atakapoisoma hesabu kwa sauti na majina yakaandikwa. Atakayekwenda kikao kijacho afike mapema, abebe maji na daftari, na achague viti vya mkono wa kulia, juu ya meza ya karani. Kutoka hapo nguzo haizibi kitu, na mtu anaweza kuhesabu mikono mwenyewe.